Kemikali na viumbe wa bahari ya Amu: maswali tunayoulizwa kila mara

Maswali haya yameokotwa hapa Amu, yaani Lamu, pwani ya Kenya: barazani, kwenye mabanda ya mafundi wa vyombo Matondoni, kwenye mikutano ya vikundi vya usimamizi wa fuo, na mengine kwa wakulima wa upande wa bara, Hindi hadi Mpeketoni. Tumeyaandika karibu na yalivyoulizwa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu; mengine ni mstari mmoja, basi.

Kila msimu naosha bomba la kupulizia dawa kwenye mkono wa bahari, na sijaona samaki akielea. Kosa langu liko wapi?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo limetangulia. Samaki anayeelea ni habari iliyochelewa. Samaki mkubwa ana mapezi, akihisi maji mabaya huhama. Kinachobaki ni vifaranga vya tafi na changu waliojificha kwenye mizizi ya mikoko, na kamba wa ukubwa wa ukucha, na hao wakifa huzama, na kabla maji hayajapwa kaa ameshawala. Hakuna mzoga wa kukuonyesha.

Tena madhara mengi hayaui siku hiyo. Kamba anashindwa kujivua gamba. Mayai hayaanguliwi. Kifaranga anakua nusu ya mwendo wake na kuliwa kabla ya kuzaa. Wewe utakachokiona ni miaka mitatu baadaye, wavu unapopanda mwepesi, nawe utasingizia kusi.

Sasa wataalamu wanapotathmini kemikali, wanatazama nini hasa?

Mambo manne: inaua haraka kiasi gani, inadhuru polepole kiasi gani, inaoza au haiozi, na inajikusanya mwilini au inatoka. Hayo ndiyo yanayoitwa hatari ya kemikali yenyewe, popote ilipo. Baada ya hapo ndipo huulizwa swali la pili: hapa petu itafika majini kwa kiasi gani? Kopo lililofungwa stoo lina hatari ile ile ya kopo lililopasuka gatini, ila moja halijamfikia samaki.

Watu huchanganya haya mawili, na wauzaji hufurahi yakichanganywa.

LC50 ni nini? Naiona kwenye karatasi ya usalama inayotolewa pamoja na kemikali, sehemu ya 12.

Ni kiasi cha kemikali ndani ya maji kinachoua nusu ya viumbe waliopimwa. Kwa samaki, kipimo cha kawaida huchukua saa 96, yaani siku nne. Huwekwa matangi kadhaa, kila moja likiwa na sumu kali zaidi ya lililotangulia, na angalau samaki saba kwa kila tangi. Pembeni huwekwa tangi la maji safi. Wakifa humo zaidi ya asilimia 10, kipimo chote kinatupwa, maana huenda samaki walikuwa wagonjwa tangu mwanzo.

Kwa dafnia, kijidudu cha majini cha ukoo wa kamba, huangaliwa saa 48: ameacha kuogelea au la. Hapo namba huitwa EC50, kwa sababu si rahisi kujua kama kijidudu kile kimekufa au kimezimia. Kwa mwani mdogo usioonekana kwa macho huangaliwa saa 72, umekua au umedumaa. Samaki, ukoo wa kamba, mwani: anayekula, anayeliwa, na chakula cha wote. Ukiwaacha mwani kwa kuwa hawana macho ya kukutazama, umeacha msingi wa nyumba.

Kumbuka namba ikiwa ndogo, sumu ni kali. Watu wengi huisoma kinyume. Miligramu 1 kwa lita ni gramu moja kwenye tangi la lita 1,000, lile jeusi la juu ya dari.

Kuna alama ya samaki aliyepinduka na mti mkavu. Ina maana gani?

Ni alama ya mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kupanga kemikali na kuziwekea lebo, uliochapishwa kwanza mwaka 2003. Kemikali yenye LC50 ya miligramu 1 kwa lita au chini ya hapo iko kundi la 1 la sumu ya haraka, na hubeba alama hiyo pamoja na neno la onyo. Zaidi ya 1 hadi 10 ni kundi la 2, zaidi ya 10 hadi 100 ni kundi la 3.

Sikiliza hapa vizuri: kwa sumu ya haraka, kundi la 2 na la 3 hayana alama. Kwa madhara ya muda mrefu, alama inakoma kundi la 2. Kwa hiyo kopo lisilo na samaki aliyekufa linaweza kuwa na sumu bado. Tafuta herufi H na namba. H400 ni sumu kali sana kwa viumbe wa majini. H410 ni hiyo hiyo na madhara yake hudumu. H411 ni sumu yenye madhara yanayodumu. H412 imepungua kidogo, na mara nyingi huandikwa bila picha yoyote. H413 ni "huenda".

Mwaka jana niliingia duka moja la dawa za kilimo, silitaji, nikauziwa dawa iliyomiminwa ndani ya chupa ya soda, nusu lita, kifuniko kimefungwa na karatasi ya plastiki. Lebo hakuna. Nikamuuliza kijana ni dawa gani, akajibu, "Ya wadudu, mjomba." Hapo hakuna mfumo wa Umoja wa Mataifa utakaokusaidia. Usinunue.

Dawa ya kupe nampaka punda wangu na hadhuriki. Itamdhuru vipi kaa?

Kwa sababu kaa ni jamaa ya kupe kuliko alivyo jamaa ya punda. Kupe, mbu, kamba, kaa, kambakoche wote ni wa ukoo mmoja wa miguu yenye vifundo na gamba la nje, na mishipa yao ya fahamu inafanana. Sipamethrini na ndugu zake, ambazo ni pareto iliyotengenezwa kiwandani, zimechaguliwa kwa sababu mwili wa mnyama wa damu moto unazivunja upesi. Samaki hana uwezo huo. Anaweza kufa kwa mikrogramu chache tu kwa lita, na mikrogramu moja kwa lita ni gramu moja kwenye lita milioni. Jamaa ya kamba hufa kwa kiasi kidogo zaidi.

Punda wako mpake, lakini asishuke kuoga baharini siku hiyo. Na chandarua chenye dawa hakivuliwi dagaa.

Bahari ni kubwa. Kichupa kimoja kitafanya nini?

Tupige hesabu, kwa dawa ya kutungwa. Samaki wanakufa kwa miligramu 4 kwa lita, mwani unadumaa kwa 2, kamba wadogo wanakufa kwa 0.5. Tunachukua aliye dhaifu kuliko wote, 0.5. Kisha tunaigawanya, kwa kuwa maabara ilipima viumbe watatu na bahari ina maelfu, tena ilipima kifo cha siku chache na sisi tunataka wazae. Kwa maji matamu, ukiwa na vipimo hivyo vitatu vya haraka tu, hugawanywa kwa 1,000. Kwa bahari hugawanywa kwa 10,000, maana baharini kuna koo za viumbe zisizopatikana kabisa mtoni. Tunabaki na miligramu 0.00005 kwa lita. Hicho ndicho kiwango ambacho chini yake hatutarajii madhara.

Sasa maji yetu. Maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, nayo yamekupwa, mkono wa bahari umebaki dimbwi la urefu wa mita 100, upana 20, kina nusu mita. Hayo ni lita milioni moja. Chupa yako ina gramu 50 za sumu yenyewe. Ukiimwaga yote, pamoja na kilichosalia kwenye bomba na ndoo, unapata miligramu 0.05 kwa lita.

Linganisha. Ni mara kumi chini ya kile kinachoua nusu ya kamba, kwa hiyo hutaona kitu. Lakini ni mara 1,000 juu ya kiwango cha usalama, ikiwa mnamwaga mara kwa mara msimu mzima. Ikiwa ni mara moja kwa mwaka, kigawanyo hulegezwa hadi 1,000 kwa bahari, na bado umezidi mara 100.

Bamvua, yaani maji makubwa, likija litayazoa maji hayo, kweli. Ila vifaranga hawasubiri bamvua. Na mikono yetu ya bahari nyuma ya mikoko haina mkondo mkali kama wa Shela. Maji yanaingia na kutoka yale yale siku kadhaa. Mtathmini anayeandika "bahari itachanganya" bila kuuliza ni maji mafu au bamvua hajawahi kukwama na mashua huko.

Utupa ni mmea wa Mungu. Nao ni kemikali?

Ni kemikali, na ni kali. Majani ya utupa yana rotenoni na jamaa zake, zinazozima kazi ya kutumia hewa ndani ya chembe za mwili. Matamvua ya samaki huinyonya moja kwa moja kutoka majini. Ndiyo maana samaki anakuja juu anatweta, na aliyemla akiwa amepikwa hadhuriki kama yeye. Wazee waliujua mmea huu kwa tathmini ya macho: unaua, unafanya kazi upesi, unaisha nguvu juani. Yote matatu ni sahihi. Walichokosa kuhesabu ni vifaranga wa dimbwi zima.

Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 imekataza kuvua kwa sumu, na haikubagua sumu ya dukani na ya shambani.

Rangi ya chini ya chombo nayo ni sumu?

Alasiri moja Matondoni, mashua imeegeshwa ubavu, maji yamekupwa, fundi anakoroga kopo jekundu kwa kipande cha boriti. Lebo imefunikwa na michirizi ya rangi, unasoma nusu ya neno. Nikamuuliza kama inafaa. Akaniambia, "Mwanangu, hii ndiyo dawa. Hata chaza hasogei." Nikacheka, nikamwambia, "Baba, basi umenimalizia kazi yangu." Mzee alikuwa ameshafanya tathmini: kitu kilichotengenezwa ili kiumbe wa bahari asikae juu yake ni sumu kwa viumbe wa bahari, hiyo ndiyo kazi yake. Swali lililobaki ni kinatoka kiasi gani na kinakwenda wapi.

Zamani chombo kilipakwa deheni, yaani chokaa na shahamu, na ubao wa juu ukapakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Kulikuwa na harufu, na kazi ilirudiwa mara kwa mara. Kisha dunia ikapata rangi za bati, zenye kemikali iitwayo tributilitini, TBT kwa kifupi. Zilikuwa nzuri ajabu: chombo kilikaa miaka bila kuota kitu. Lakini kwenye ghuba ya Arcachon, Ufaransa, miaka ya 1970 ikielekea mwisho, wafugaji wa chaza walianza kuona magamba yamevimba na kuharibika umbo, na watoto wa chaza hawapatikani. Kumbe jirani yao kulikuwa na mamia ya mashua za starehe zilizopakwa rangi hiyo. Ufaransa ikaipiga marufuku kwa vyombo vidogo mwaka 1982.

Ya ajabu zaidi ilikuwa kwa konokono wa bahari. Majike waliota viungo vya kiume hadi mayai yakakosa njia ya kutoka. Kiasi kilichotosha kilikuwa nanogramu chache kwa lita. Nanogramu moja kwa lita ni gramu moja kwenye lita bilioni. Hakuna konokono aliyekufa kwa saa 96. Kipimo cha haraka peke yake kisingeonyesha hilo. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini lilipitisha mkataba wa kuiondoa mwaka 2001, ukaanza kufanya kazi Septemba 2008.

TBT hushika kwenye tope na kukaa humo miaka mingi. Ndiyo sababu mahali palipoegeshwa au kukwanguliwa meli, kabla ya kuchimba kina, tope lenyewe linapaswa kupimwa, si maji ya juu tu. Waliokuwa Amu wakati ghuba ya Manda inachimbwa kwa ajili ya bandari wanajua tope likitibuliwa linafika wapi.

Rangi nyingi za siku hizi ni za shaba. Shaba nayo ni kundi la 1, ila haina ule ukatili wa TBT kwa konokono. Ushauri wangu kwa mafundi: ukikwangua rangi kuukuu, tandika turubai chini, okota maganda, usiache bamvua likufagilie. Ganda la rangi lililoanguka mchangani linaendelea kutoa shaba.

Na mrututu?

Ni shaba hiyo hiyo, tena inayeyuka. Mkali zaidi kwenye maji matamu mepesi kuliko kwenye maji yenye chumvichumvi na mabaki ya majani. Wa Ziwa Kenyatta, kule Mpeketoni, wajihadhari zaidi.

Muuzaji anasema dawa yake inaoza haraka. Nimwamini?

Mwambie akuonyeshe sehemu ya 12. Kuna kipimo cha siku 28: kemikali huwekwa na vijidudu vya maji machafu, ikiwa ndicho chakula chao pekee, na huangaliwa wamekula kiasi gani. Ikipungua asilimia 70 kwa kuhesabu kaboni iliyoyeyuka, au 60 kwa kuhesabu oksijeni iliyotumika au hewa ya kaboni iliyotoka, inaitwa inayooza upesi. Vinginevyo inachukuliwa haiozi upesi, na viwango vyake vinakazwa: kemikali isiyooza huingia kundi la 1 la madhara ya muda mrefu ikiwa kiasi kisichodhuru ni miligramu 0.1 kwa lita au chini, wakati inayooza huruhusiwa hadi ifike 0.01.

Joto la bahari yetu husaidia kuozesha. Joto hilo hilo huwafanya samaki wapumue zaidi, na maji moto hubeba oksijeni kidogo. Usihesabu faida ukaacha hasara.

Shaba, risasi na zebaki haviozi. Ni elementi. Muuzaji akikuambia risasi yake inaoza, mpe mkono wa kwaheri.

Kujikusanya mwilini kunajulikanaje?

Huangaliwa kama kemikali inapenda mafuta kuliko maji. Hutikiswa ndani ya maji na oktanoli, ambayo ni mfano wa mafuta ya mwili, kisha hupimwa imekimbilia wapi. Ikiwa upande wa oktanoli ni mara 10,000 au zaidi, kwenye karatasi utaona log Kow ya 4 au zaidi, na hapo tunashuku. Kipimo bora ni samaki mwenyewe: akiwa nayo mara 500 au zaidi ya maji anayoogelea, inahesabiwa ni ya kujikusanya.

Zebaki ina njia yake: vijidudu vya topeni huigeuza, ikapanda kutoka dagaa hadi jodari hadi papa. Mama mjamzito asile papa kila wiki, hata kama ni zawadi.

Oili chafu ya injini?

Oili haiyeyuki yote, kwa hiyo haipimwi kama chumvi. Hutikiswa na maji, ikaachwa itulie, na viumbe huwekwa kwenye maji ya chini yaliyobeba kile kilichoyeyuka. Juu yake kuna utando unaoziba mizizi ya kupumulia ya mikoko, na hilo tangi la maabara haliwezi kukuonyesha. Usiipake chombo.

Vipimo vimefanywa kwa samaki wa Ulaya. Vinamhusu nini changu wa Kizingitini?

Swali zuri, na wataalamu wenyewe hulipigia kelele. Samaki wengi wa maabara ni wa maji matamu, wengine wa maji ya baridi kali. Ndiyo sababu ya kile kigawanyo cha 10,000: ni bei ya kutojua. Ukileta vipimo vya muda mrefu, na vya viumbe wa bahari kama konokono na jamii ya nyota wa bahari, kigawanyo kinapunguzwa. Mwenye mradi akilalamika kwamba kiwango ni kikali mno, jibu lake ni rahisi: alete vipimo.

Karatasi inasema "hakuna data". Hiyo ni salama?

Hapana. Ni swali ambalo halijaulizwa.

Na mchanganyiko wenye sumu asilimia 0.5 tu?

Asilimia ndogo hudanganya. Sumu kali hupewa kizidisho. Kama LC50 ni miligramu 0.0005 kwa lita, kizidisho ni 1,000. Zidisha kwa 0.5 unapata 500, na mchanganyiko huingia kundi la 1 ukifika 25. Dawa hiyo "nyepesi" imepita mara ishirini.

Sisi wananchi tuna nafasi gani kwenye tathmini?

Mnayo, kisheria. Mradi mkubwa haupati leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, bila ripoti ya athari na wananchi kusikilizwa. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, na sababu kubwa ilikuwa wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Mkiitwa kikaoni, ulizeni mambo matatu: mmechukua kiumbe gani dhaifu, mmegawanya kwa ngapi, na maji mliyohesabu ni ya bamvua au mafu? Na majibu yatolewe kwa Kiswahili.

Nikikuta samaki wamekufa nifanye nini?

Usile, usiuze, usiwape paka. Andika saa, na kama maji yanajaa au yanakupwa. Tazama ni aina gani wamekufa: kamba na kaa wakiwa wamekufa na samaki hai, fikiria dawa ya wadudu, samaki wakubwa wakitweta juu alfajiri, huenda ni oksijeni imeisha na hakuna sumu yoyote. Chota maji kwa chupa ya kioo iliyooshwa kwa maji hayo hayo, ijaze hadi shingoni, na samaki wawili watatu uwafunge ndani ya karatasi ya foili. Vyote viwekwe kwenye barafu, ile ya samaki inatosha, gizani. Mpigie mwenyekiti wa kikundi chenu cha ufuo naye awaarifu maafisa wa uvuvi na NEMA wa kaunti. Fanya hivyo kabla maji hayajageuka, maana yakishageuka una saa chache tu.